Kitabu Kilichokatwa kwa Kisu cha Magodoro

Historia itaandika kwamba mapinduzi ya benchi letu, pale nje ya duka la kinyozi, yalianza Jumamosi asubuhi, redio ya duka iliposema kiwanda cha magodoro kimefuta mapumziko ya mchana. Sponji, mkata sponji wa kiwanda hicho ambaye siku hiyo hakuwa na zamu, aliizima kwa kidole gumba kama anayeua kunguni.

"Jioni tunachagua wa kumkabili meneja," akasema. "Nagombea. Ila mpinzani wangu anatema maneno: mara ubepari, mara tabaka. Mimi nikisimama niseme nini? Njaa inauma?"

Akatoa kwenye mkoba kitabu cha nadharia ya Umaksi, kinene kama tofali.

"Umefika wapi?" akauliza Wembe, kinyozi mwenye duka, ambaye dada yake ndiye mke wa Sponji.

"Dibaji."

"Na ulikinunua lini?"

"Mwanao alipokuwa anaota meno."

"Shemeji, mwanangu sasa anaota ndevu!"

Mama Vifungo, fundi cherehani wa mlango wa pili, akang'ata uzi. "Hicho hakisomwi na mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Hapo Sponji akaona mwanga. Kiwandani kwao kila kikubwa hukatwa vipande sawa. Akachomoa kisu chake kirefu, akakigawa kitabu vipande vinne bila kuhurumia sura wala sentensi.

"Kitabu ni cha wote," akatangaza. "Kila mtu asome chake, mchana tuunganishe."

Mchana ukafika, taarifa zikasomwa kwa heshima zote.

"Changu kinaanza na 'kwa hiyo'," alisema Mama Vifungo. "Kwa hiyo nini, Mungu anajua. Lakini kuna tajiri humo, na amekosea."

Mzee Tanbihi, karani mstaafu, alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu kidevuni. "Mimi nina faharasa nzima. Niulizeni lolote."

"Ubepari ni nini?"

"Ukurasa wa mia mbili na kumi."

"Sikuuliza uko wapi, mzee. Nimeuliza ni nini!"

"Hilo si la idara yangu."

Sponji akashika kichwa. "Na mimi nimejigawia dibaji. Tena!"

"Changu," akasema Wembe taratibu, akimkwangua Tanbihi shavu la kulia, "kinahusu saa za kazi na mapumziko."

Benchi zima likamgeukia.

"Lete, shemeji!"

"Sijamaliza. Kimenoga."

"Mkutano ni leo! Si tulisema kitabu ni cha wote?"

"Kitabu ni cha wote. Kipande hiki ni changu."

Sponji akamgeukia mteja kitini. "Mzee Tanbihi, inuka."

"Bado upande mmoja, mwanangu."

"Inuka. Hanyolewi mtu hapa mpaka kurasa zitoke."

Tanbihi akainuka, akatoka nje na taulo shingoni, uso kama shamba lililolimwa nusu. Mama Vifungo akaliburuta benchi, akaziba nalo mlango. Mteja aliyefika akasimuliwa dhuluma, akakaa upande wetu. Wa pili naye akakaa, ingawa alikuja kuuliza njia tu.

"Huu ni uhuni!" Wembe akafoka. "Tanbihi, rudi, nakunyoa bure!"

Tanbihi akameza mate. "Bure pamoja na nywele?"

Mama Vifungo akamkanyaga mguu.

"Sitaki!" akalia Tanbihi, kishujaa.

"Usituchomoe mmoja mmoja, shemeji," Sponji akasema, mikono kifuani. "Ukitaka kuongea, ongea na sisi sote."

Wembe akatazama kiti kitupu. Akatazama barabara, ambako wapita njia walikuwa wanaanza kucheka, na si sisi waliyetucheka bali yeye. Akazitupa kurasa juu ya benchi.

"Haya! Chukueni! Mzee, rudi nikuondolee aibu hiyo usoni!"

Lakini Sponji alikuwa keshaondoka kuelekea kiwandani, kifua mbele, akijifanyia mazoezi kwa sauti: "Wenzangu! Hakuna kuchomolewa mmoja mmoja!"

"Shemeji!" Wembe akaita. "Umeiacha nadharia!"

"Nitunzie!" akajibu bila kugeuka. "Nitaisoma mapumziko ya mchana, tukishayarudisha!"