Majibu ya Posa ya Uwesu, Pamoja na Malalamiko Kuhusu Kompyuta Yangu Iliyonyamaza

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Ijumaa, baada ya sala.

Kwa Mzee Abbasi,
Karakana ya Springi,
Gerezani.

YAH: POSA YA MWANAO UWESU KWA BINTI YANGU FATUMA, NA KIMYA KILICHOINGIA NYUMBANI KWANGU

Mzee mwenzangu,

Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili mtu aliyeniandikia vizuri. Barua yako ya posa nimeipokea kwa mkono wa mshenga wako, Mzee Mwinshehe, ikiwa imeviringishwa kwenye leso na kufukizwa udi mpaka paka wa jirani akaja kutazama kuna nini. Nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Umeeleza kwamba kijana wako Uwesu ana adabu, anaswali, havuti sigara, na "ana ufundi wa kompyuta unaosifiwa Gerezani nzima."

Ni hapo kwenye ufundi, mzee mwenzangu, ndipo naomba tuelewane kabla sijaanza kukuita mkwe.

Huenda mwanao hajakusimulia. Mimi, kama unavyojua, nina duka la kurekodi kanda. Tangu soko huria litufungulie milango, kila meli inashusha kitu kipya, na wateja wangu wameanza kuzikunjia uso kanda na kudai nyimbo zao kwenye CD. Nikanunua kompyuta iliyochokwa huko Dubai, nikaiweka sebuleni, mke wangu Tatu akaifunika kitambaa cha kufuma kama kila kitu cha thamani humu ndani, nayo ikaimba vizuri. Kisha ikaingiwa na virusi. Jirani yangu Natvarlal, anayeuza redio na spika mlango wa pili, akaniambia yupo kijana mmoja Gerezani. Kijana mwenyewe ndiye huyo wako.

Alikuja. Shikamoo yake safi kabisa, viatu kavua mlangoni. Akatangaza kwamba mfumo niliokuwa nautumia ni wa kunakili, kwa maana nyingine wa wizi, na kwamba ataniwekea mwingine uitwao Linux, ambao ni wa halali, haushikwi na virusi, tena ni wa bure. Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Nimezaliwa Kariakoo na nimekulia Kariakoo, na sijawahi kuona cha bure ambacho hakikunitoa jasho baadaye. Akanieleza pia kwamba Linux hii kwa desturi yake huanza ikiwa imefungwa mdomo, hadi mwenyewe aifungue. Nikadhani ni adabu, nikaipenda.

Jioni ile aliifungua, ikaimba, akaaga. Kesho yake nilipoiwasha, bubu. Wimbo unatembea kwenye kioo, namba zinahesabu, lakini sauti hakuna. Tangu hapo huo ndio umekuwa mwendo wetu. Kila Jumamosi alasiri mwanao anakuja kuitengeneza, ikifika Magharibi inaimba, na Jumapili asubuhi imenyamaza tena.

Malalamiko yangu, kwa unyenyekevu, ni haya:

1. Alianza kwa kusingizia spika. Tukaibeba mimi na yeye hadi kwa Natvarlal, tukaichomeka kwenye redio ya dukani, ikalia hadi mke wake Hemlata akatoka ndani kuuliza nani kaoa. Natvarlal akanishika bega kama mtu aliyekuja msibani, akasema, "Majid bhai, spika haiwezi kusema jambo ambalo haijaambiwa." Tukarudi. Mwanao akautoa waya kwenye tundu la kijani, akautia kwenye la waridi, akaurudisha kwenye la kijani, akalitazama tundu lile kwa muda mrefu. Fatuma akamletea chai.

2. Jumamosi iliyofuata akasema huenda kompyuta haiioni kadi ya sauti, yaani kile kibao cha ndani kinachotoa muziki. Akafungua ukurasa mweusi usio na picha hata moja, akaandika maneno kwa utulivu kama shehe anayeandika aya za kombe la kumnywesha mgonjwa, na kompyuta ikamjibu aya ndefu. Akafurahi sana. Akaniambia, "Mzee, kadi inaonekana." Nikamjibu kwamba hata mimi naiona, ipo pale nyuma imejaa vumbi, na kwamba shida yangu ilikuwa kuisikia. Fatuma akaleta chai na vitumbua.

3. Hili lilinitia uchungu. Mbele ya mke wangu, mwanao aligundua kwamba mimi Abdulmajid simo katika watu wenye ruhusa ya kusikia. Ndivyo alivyoniambia, bila hata kushusha sauti. Eti Linux ina kundi la watu wa sauti, na jina langu halimo. Mzee Abbasi, mimi na wewe tumepanga foleni ya unga, tumepanga foleni ya sabuni, tumepiga magoti kwa ajili ya kibali cha mfuko wa saruji. Tukaambiwa hayo yamekwisha, sasa ni soko huria, kila mtu ajitafutie. Leo natakiwa kibali cha kusikiliza taarabu sebuleni kwangu, kwa umeme ninaoulipia mwenyewe! Akaniandikisha. Nikakaa kitini, nikakunja mikono, mwanachama halali wa kusikia, nikangoja. Kimya. Akaniambia ni lazima nitoke kwanza kisha niingie upya. Nikatoka hadi barazani, nikasalimiana na watu, nikaingia. Kumbe alikusudia kwenye kompyuta. Fatuma alikimbilia jikoni na nilimsikia akicheka huko, jambo ambalo nalo naliandika hapa kama lalamiko.

4. (Hili nilitaka liwe la kwanza, mke wangu akanizuia.) Ni chakula. Ilianza chai, ikaja chai na vitumbua, zikaja kababu, zikaja sambusa. Siku aliyogundua kwamba kadi imekaliwa na programu nyingine, mfano wa chumba cha Buguruni kilichopangishwa kwa wapangaji wawili, ilipikwa biriani. Sasa kompyuta bado mbovu na mchele unakwisha. Fundi wa redio akija kwa Natvarlal hupewa karanga na glasi ya maji, tena baada ya redio kulia.

5. Kazi yangu imepata aibu. Mama mmoja wa Jangwani aliniletea kanda za nyimbo za harusi ya mwanawe nizihamishie kwenye CD. Nikafanya kazi hiyo kwa macho, maana masikio sina. Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, bibi harusi akaingia, CD ikawekwa, na watu wote wakasikilizishwa mawaidha ya adhabu ya kaburi, upande A na upande B. Nasikia wazee wawili walilia. Mama wa bibi harusi alipokuja dukani, mimi sikulia, ila nilitamani.

6. Mashine hii inanidharau. Mbele ya mwanao inasema. Mbele yangu hapana. Nilimuuliza Fatuma, ambaye anasoma kozi ya kompyuta jioni huko mjini na ada natoa mimi, kwa nini iwe hivyo. Akaniambia ipo mitambo yenye haya. Sikuongeza swali, maana anayesoma ni yeye.

7. Sasa naingia kwenye posa yenyewe.

Jana nilimwita Fatuma, nikamkalisha mbele ya mama yake, nikamweleza kuwa umekuja ujumbe kutoka Gerezani na kwamba jibu ni lake. Akatazama zulia, akanyamaza. Mke wangu akaanza kigelegele, nikamzuia kikiwa katikati. Najua, mzee mwenzangu, usinifundishe. Mwali akiulizwa akanyamaza, karidhia; ndivyo walivyoozwa mama zetu, na ndivyo alivyoozwa Tatu mwenyewe, ambaye tangu aolewe hajanyamaza tena. Lakini kanuni ile iliwekwa zamani, nyumba zilipokuwa na kimya cha aina moja. Nyumba yangu sasa ina kimya cha Linux. Nitajuaje kuwa mwanangu karidhia, na si kwamba naye kafungwa mdomo kwa desturi ya mfumo? Nitajuaje kama waya umo kwenye tundu lake? Labda jina lake halimo kwenye kundi. Nikambembeleza atamke japo neno moja, ndiyo au hapana. Akazidi kulitazama zulia kana kwamba anataka kulinunua.

Ndipo nikaona kwamba fundi aliyeshindwa kuisemesha mashine ambayo waya zake zote zinaonekana hawezi kukabidhiwa binadamu. Siku Fatuma atakapomnunia, na atamnunia, maana namjua, mwanao atafanya nini? Atamfungulia ukurasa mweusi? Atamwambia atoke aingie upya? Akitoka, mzee mwenzangu, atakuja kwangu, na mimi nitamfungulia.

Kwa hiyo naweka masharti yafuatayo, na nakuomba uyapokee bila hasira:

(a) Posa haijakubaliwa wala haijakataliwa. Leso nimeikunja, iko kabatini.

(b) Sitaki mkufu wala kitanda cha mninga. Mahari ya binti yangu iwe wimbo mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, uimbwe na kompyuta hiyo siku ya Jumapili, mwanao akiwa kwake Gerezani.

(c) Akishindwa, aje na Linux yake aitie mfukoni, aondoke nayo, na posa aondoke nayo pia, maana vyote viwili vimeingia nyumbani kwangu kwa mlango mmoja.

(d) Ukiona nimekuonea, niko tayari kuipandisha kompyuta kwenye mkokoteni twende nayo kwa shehe, ihojiwe mbele ya watu. Natvarlal amekubali kuwa shahidi upande wa spika.

Usinione mtu mgumu, Mzee Abbasi. Nitakwambia jambo moja la kweli, kisha turudi kwenye malalamiko. Sauti ya nyumba hii ni Fatuma. Ndiye anayegombana na muuza samaki dirishani, ndiye anayeimba akipiga deki, ndiye anayeniambia kofia imekaa upande. Mimi maneno yangu huyamaliza dukani. Akiondoka huyu, nitarudi jioni nikute mashine isiyosema, na kiti mbele yake. Naogopa, ndugu yangu. Basi, limetosha.

Nakuomba unifikishie salamu kwa mama Uwesu, na kwa mafundi wote wa karakana. Mwambie Mzee Mwinshehe kwamba bakora yake aliisahau kwangu, nami sijaizuia kwa ajili ya kesi hii. Aje aichukue wakati wowote. Natvarlal na Hemlata wanakusalimu, na wanauliza kama kweli springi za Peugeot unazo. Uwesu naye msalimie, kwa kiasi.

Ni mimi, ambaye hadi wino huu unakauka bado si mkwe wako,

Abdulmajid Shomvi

Tanbihi: Bahasha nilikwisha kuilamba, imenibidi niichane. Nilikuwa naelekea mlangoni nimtafute mtu wa kuileta Gerezani, nikasikia taarabu sebuleni. Si ya kwa jirani. Ya kwetu, spika zote mbili, vinanda na kila kitu. Nikanyata. Nikamkuta Fatuma mbele ya kompyuta, kitambaa kakifunua, anakunja nguo huku anaimba. Aliponiona akanyoosha kidole akabonyeza herufi moja, M, na nyumba nzima ikanyamaza. Nikamsogeza. Nikabonyeza mimi: wimbo. Nikabonyeza tena: kimya. Ndiyo kufungua mdomo kwenyewe kule alikokusema mwanao siku ya kwanza. Herufi moja, Mzee Abbasi, na mimi nimetoa biriani.

Binti akanieleza, macho kwenye zulia lile lile, kwamba Uwesu aliimaliza kazi siku ile ile ya kwanza. Kila alipotoka, yeye Fatuma ndiye aliyeifunga. Nikamuuliza sababu, akasema, "Baba, fundi haitwi kwenye kompyuta nzima." Nikavuta kiti nikakaa. Nikamuuliza: na Uwesu, muda wote huo akichomoa waya na kuurudisha, naye alikuwa anajua?

Akanyamaza.

Kimya hicho nimekielewa bila fundi, na mama yake amekimalizia kigelegele chake cha jana.

Kwa hiyo, mkwe wangu, futa namba moja hadi namba saba, na masharti yote yenye herufi. Chakula nimesamehe, ila cha harusi mtagharimia nyinyi. Umtume Mzee Mwinshehe aje kwa ajili ya tarehe, na ya bakora yake.

Nabakiza ombi moja. Nimeibonyeza ile M tena, kwa kidole changu mwenyewe, na kitambaa nimekirudisha juu. Mwambie Uwesu kompyuta ya mzee bado mbovu, na hata baada ya harusi itaendelea kuwa mbovu. Aje kuitazama kila Jumamosi alasiri kama alivyozoea, na asije peke yake.