Chungu cha Pili Ng'ambo ya Daraja

Jumatano, 7 Agosti

Josie ametia harage puani sasa hivi! Nimembana pua, likaruka hadi kwenye kahawa ya Dale. Dale kainywa bila kujua. Mume mwema.

Habari mbaya. Mipaka ya uchaguzi imechorwa upya. Tumeunganishwa na mji wa kiwanda cha karatasi, na Mjumbe wetu mpya kwenye bunge la jimbo, Bwana Roland Pelkey, anatoka huko. Yeye hatufahamu sisi hata kidogo. Na wakubwa wa barabara wanataka kubomoa daraja letu! Mama huvuka kwa miguu kila asubuhi kuja kunishikia Josie. Hana gari. Josie atakua akimpungia bibi yake mkono ng'ambo ya maji.

Zamani haya yasingetokea. Bwana Amos Leighton, yule Mjumbe muuza maziwa, ndiye aliyelipigania daraja Mama akiwa msichana. Akazipaka kingo rangi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe. Baada yake akaja Mjumbe Bi Verna Dunphy, aliyebisha hodi kila nyumba na kujua mtoto gani ana tetekuwanga. Yeye akapaka kijani. Mimi nilimshikia kopo. Nikapata kijani kwenye nywele, nikagoma kuoshwa.

Nina mpango.

Alhamisi, 8 Agosti

Jumamosi ni karamu ya maharage ya kanisa. Tangu enzi za Bwana Amos, Mjumbe ndiye huinua chungu kutoka shimoni, maharage yakiwa yameiva usiku kucha kwa makaa yaliyofukiwa. Lakini kanisa liko ng'ambo, anakokaa Mama. Pelkey atakula, atapigwa picha, ataondoka bila kuliona daraja. Kwa hiyo: chungu cha pili, nyuma ya nyumba yangu! Lazima avuke.

Wifi Charlene, mkuu wa karamu, kanikuta na koleo. Nikasema napanda vitunguu. Akauliza vitunguu gani hivyo, bibi wee, vya kuvuna kwenye theluji?

Ijumaa, 9 Agosti

Shimo tayari. Mawe nimepanga, moto nimewasha. Mdogo tu, maana moshi mkubwa Wifi angeuona. Akili hiyo! Nikashusha chungu: maharage, molasi, nyama ya nguruwe ya chumvi. Udongo juu, hadi kesho. Josie kayaambia yalale salama.

Jumamosi, 10 Agosti

Nilimdaka Pelkey kabla hajafunga mlango wa gari. Nikamwambia desturi yetu ni kuanzia ng'ambo. Akanifuata kama mwanakondoo. Tukafukua. Akatikisa chungu, maharage yakalia kama changarawe. Akatafuna moja kwa adabu.

Jino!

Kumbe kanisa zima linamtafuta. Wakajaa darajani, Wifi mbele na mwiko, akipiga kelele kwamba mke wa Dale kamwiba Mjumbe, na ndivyo vitunguu hivyo? Pelkey akaenda kuwatuliza, shavu mkononi. Mbao zikalia chini yetu sote.

Mama akasimama katikati. Akamwonyesha Pelkey pale Bwana Amos alipoegesha gari la maziwa siku daraja lilipofunguliwa, watu wakanywa bure. Kisha akakwangua ukingo kwa ukucha. Kijani cha Bi Verna. Akakwangua zaidi. Nyekundu. Wifi akashusha mwiko.

Pelkey akauliza kweli anavuka kila siku? Mama akasema kila siku, mwanangu, isipokuwa theluji ikizidi, hapo Dale humbeba mgongoni kama gunia la viazi. Watu wakacheka, Wifi akifuta macho. Pelkey akainama akamwuliza Josie yeye angependa rangi gani.

Josie akasema maharage.

Jumapili, 11 Agosti

Pelkey kapiga simu, anaongea kwa upande mmoja wa mdomo. Kawabana wakubwa wa barabara: hawagusi daraja kabla hajalisemea bungeni. Na ameuliza kopo la rangi linauzwa wapi. Mama kalia jikoni kwangu.

Wifi anasema ni maneno ya Mama. Maneno! Ni maharage yangu. Bila chungu changu angevuka kufuata nini?

Kasoro ilikuwa moja tu, shimo dogo. Seneta anapita huku mwezi ujao, na barabara yetu imejaa mashimo. Nitachimba kubwa mara mbili. Na moto nitaupunguza zaidi, maana safari hii Wifi karibu auone moshi. Chungu nitakificha chini ya — Mama ananiita kutoka darajani, anasema njoo haraka, Josie ana harage kwenye