Vitunguu Upande Wako wa Kitanda

Jumatatu, 3 Juni

Bibie wangu,

Nimeamua kukuandikia, maana nikiongea peke yangu chumbani dada yako anagonga ukuta.

Vitunguu vimepanda tena. Dada yako, anayepika kibandani kwako tangu ulipotuacha, anasema tukiendelea hivi tupandishe bei ya sahani au tufunge. Kufunga! Sufuria lako lilale kifudifudi? Siyo nikiwa hai.

Nina mpango. Nimenunua magunia mawili kabla havijapanda zaidi. Vikipanda, kibanda kitatumia vyetu, na vingine nitaviuza ghali. Dada yako hajui. Anaamini nikitumwa kiberiti nitarudi na maji.

Jumanne, 4 Juni

Magunia yako chini ya kitanda, upande wako. Samahani. Nimefunga dirisha na kuziba ufa wa mlango kwa shuka kuukuu, majirani wasinuse.

Nakumbuka wewe ulivitundika uani kwenye wavu. Ulikuwa ukisema kitunguu ni kama mtu, kinataka hewa. Lakini wewe hukuwa na siri.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeamka macho mekundu, machozi tele. Mama wa nyumba ya pili akanipa pole, akasema mapenzi kama yetu siku hizi hayapo. Ningemjibu nini? Nikapokea pole. Akaniletea uji. Nikanywa na uji.

Bei imegoma kupanda. Ikabidi niisukume kidogo. Nikamnong'oneza muuza vitunguu wa kona, yule tunayemwita Miwani, kwamba mvua imezoa daraja na malori hayapiti. Nikamwapisha asimwambie mtu. Miwani hajawahi kubeba siri ikafika jioni.

Haikufika. Saa kumi mama mmoja sokoni alinisimulia habari za daraja mimi mwenyewe! Akaongeza na dereva aliyenusurika kwa kung'ang'ania mti. Nikashika kichwa, nikasema jamani, jamani.

Jumamosi, 8 Juni

Bei mara mbili! Wenye vitunguu wamevificha, wasio navyo wananunua hata wasivyohitaji. Miwani anauza kimoja kimoja, kama mayai. Nimeona fahari. Kisha haya. Kisha fahari tena.

Jumapili, 9 Juni

Dada yako ameishiwa. Nikamwambia kwa madaha asihangaike, shemeji yake yupo. Nikavuta gunia, nikaingiza mkono. Mkono ukazama.

Bibie, sitaki kuandika. Uozo mtupu. Maji meusi mpaka kwenye mkeka. Gunia la pili vivyo hivyo, ila vichache vilivyosalimika vimeota majani marefu, yamepinda kulielekea dirisha nililolifunga.

Dada yako alisimama mlangoni, kaziba pua. Nilingoja matusi. Akasema tu kwamba wewe ungecheka mpaka ukae chini. Kisha akanituma kwa Miwani.

Nimenunua kwa bei niliyoipandisha mwenyewe. Miwani akaniambia, "Pole mzee wangu. Siyo mimi, ni daraja."

Jumatatu, 10 Juni

Tumepandisha bei ya sahani. Wewe hukuwahi.

Unamkumbuka mchukuzi wa sokoni, uliyekuwa ukimwongezea maharage ukidhani sioni? Alikuja, akauliza bei, akatabasamu. Akasema leo hana njaa sana. Akanywa maji yetu, akashukuru, akarudi kubeba mizigo ya watu. Nilitoka nikamwita. Hakusikia, au alijifanya hakusikia.

Mama wa nyumba ya pili alinikuta uani nikifuta macho. Habari za magunia zimeshamfikia. Akaniuliza, "Bado vitunguu tu, baba?"

Nikamwambia ndiyo, vitunguu.

Magunia nilikuwa nimeyatupa tangu asubuhi.

Jumatano, 12 Juni

Malori yameingia. Daraja liko palepale lilipokuwa. Bei imeshuka, sahani imerudi kama zamani. Mchukuzi naye amerudi. Nilimwongezea maharage, nusu yakamwagikia mezani, sina mkono wako. Alikula yote, hata ya mezani. Dada yako aliona, akageukia moto.

Nimeutundika tena wavu wako uani. Nimejifunza, Bibie. Kitunguu kinataka hewa.

Sasa sikiliza. Dereva mmoja wa lori kaninong'oneza kwamba mwezi ujao viazi vitaadimika. Kaniapisha nisimwambie mtu, nami nakwambia wewe tu. Viazi siyo vitunguu! Viazi havitaki hewa, vinataka giza. Na giza lipo tele hapa, upande wako wa kitanda.

Gunia moja tu nimechukua. Haya, mawili. Dada yako hajui.

Unikumbuke huko uliko. Na ukinicheka, cheka polepole, asisikie.