Kuhusu Mama Mkwe Kuandikishwa Kuwa Tetemeko la Ardhi

Ndugu Mkurugenzi wa Kituo cha Matetemeko,

Pole na kazi. Hatujawahi kuonana, ingawa wewe umekwisha kunipima. Mimi ni mama mkwe wa yule kijana wako mrefu anayekaa karibu na dirisha, anayefungasha programu za kuchambua rekodi za matetemeko. Nilikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, kwa hiyo malalamiko yangu nayapanga kwa namba, mtu asije akasema hakuelewa.

1. Kwanza ni hilo neno "kufungasha". Kijana alipokuja kujitambulisha kwetu, kaka yangu alimuuliza anafungasha nini, sabuni au viatu? Akasema programu. Sikutilia maanani. Nilipohama nyumba nikamwomba aje na katoni. Akaja mikono mitupu, anatabasamu, akalibeba kabati langu mgongoni. Tangu siku hiyo tunamwita Bwana Katoni.

Baadaye alinieleza vizuri. Mtaalamu huandika programu nzuri ya kutenganisha tetemeko na lori linalopita, lakini inafanya kazi kwenye kompyuta yake tu. Mwenzake akiichukua, inagoma. Bwana Katoni huikusanya pamoja na kila inachokihitaji, ili mtu yeyote, nchi yoyote, akiipokea iwake mara moja. Nimekubali kwamba ni kazi ya heshima. Ila asingepungukiwa na kitu kama angeweka katoni moja sebuleni ya kuonyesha wageni.

2. Siku moja nilimkuta ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikamuuliza, "Nani amefariki?"

"Hakuna, mama. Kuna programu ndogo ya kuchora grafu, wenyewe wameibadilisha. Sasa kila kilichoitegemea kimeanguka."

Hilo nalielewa. Nyumbani kwangu nimewahi kukaa na shemeji wa namna hiyo: kazi hafanyi, lakini akinuna, nyumba nzima haili. Nilimpikia chai, nikamfariji. Nalitaja hili ujue kwamba sikuwa na kinyongo chochote kabla ya namba tatu.

3. Namba tatu ndiyo yenyewe. Ili kujaribu kifurushi chake kipya alihitaji rekodi za kweli, na ofisi yako ikamruhusu kupeleka nyumbani kifaa cha kupimia mitetemo, kidogo tu kama birika, kinachopeleka habari moja kwa moja kwenye mtambo wenu. Akakifunga kwa skrubu kwenye sakafu ya koridoni, karibu na mlango wa bafu. Mimi sikuambiwa. Nilikuja kumtembelea binti yangu na begi langu la nguo. Mimi ni mwanamke mwenye mwili wake, Ndugu Mkurugenzi, na natembea kama mtu aliyezoea darasa kunyamaza kabla hajafika mlangoni. Nikaingia, nikasalimia, nikapita koridoni, nikatua begi.

Sijavua hata kilemba, simu ya mkwe wangu ikalia. Alikuwa anaosha vyombo, akaiweka sauti ya juu. Aliyepiga alikuwa afisa wako wa zamu, anahema.

"Mko salama huko? Mtambo unasema kuna tetemeko, tena chanzo ni hapo kwako!"

Mkwe wangu akaitazama simu, akanitazama mimi, kisha akatazama sahani.

"Tuko salama," alisema. "Mama amefika."

Halafu, Ndugu Mkurugenzi, nikasikia kicheko cha ofisi nzima. Binti yangu mwenyewe alicheka mpaka akadondoka sakafuni, na mtambo ukamwandika naye.

4. Nilidai nisahihishwe papo hapo. Akakausha mikono, akabonyezabonyeza kompyuta yake, akaja kwa adabu zote. "Tayari, mama. Nimekutoa kwenye matetemeko."

"Umeniweka wapi?"

"Kwenye kelele."

Ndivyo mnavyoita, nikaelezwa, kila kinachotikisa ardhi na si tetemeko: malori, jenereta, pampu za maji. Yaani nimetolewa kwenye maafa nikapelekwa gereji! Afadhali ningebaki tetemeko. Tetemeko likija, watu hutoka nje. Nilibeba begi langu nikaondoka jioni ile ile, na sijakanyaga pale tena. Binti yangu akipiga simu namjibu kwa mkato, naye analia, na mimi nikikata simu nalia vile vile.

5. Sasa nimepenyezewa jambo baya zaidi. Kila kifurushi husafiri na rekodi ya mfano, ili anayekipokea ajaribu kama kimekaa sawasawa. Programu ikiipitia rekodi hiyo inatakiwa kujibu, "Hili si tetemeko." Rekodi iliyochaguliwa, kwa kuwa ilikuwa safi kuliko zote, ni yangu. Hivi ninavyoandika, katika vyuo nisivyovijua, watu wasionijua wanafungua kompyuta, na jambo la kwanza wanalouliza ni kama mimi ni tetemeko. Tena siku ile nilivaa ndala iliyolegea mkanda. Sayansi ya dunia nzima inaamini nachechemea.

Kwa hiyo naomba: niondolewe kwenye vifurushi vyote, niombwe radhi na ofisi nzima, wakiwa wamesimama, na neno "kelele" lifutwe katika sayansi yote, badala yake liandikwe "wageni".

Nisalimie wote kituoni, waliocheka na waliojizuia. Afisa wa zamu mwambie ana sauti nzuri, ila asikimbilie simu.

Mimi, mwenye miguu yangu,
Mama Mkwe wa Bwana Katoni

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, binti yangu amepiga simu. Mume wake amenitii. Ameniondoa, na mahali pangu ameamua kuweka hatua za mama yake mzazi. Yule mama nampenda, ni mkwe mwenzangu, lakini anatembea kama anaogopa kuamsha zulia. Wamempitisha koridoni asubuhi nzima, anakwenda anarudi, na kifaa hakikusikia kitu. Toleo jipya limekwama na wanafunzi wanalisubiri. Ndugu Mkurugenzi, yote niliyoandika hapo juu yafute. Nirudishwe mahali pangu leo leo. Nimeshafunga begi na niko njiani. Ukisikia mtambo unalia, usimtume mtu kuuliza.