Ugbad wa Galbet na Zizi Lililojijenga Lenyewe

Nyamazeni, enyi wapiga soga wa Garissa! Wekeni chini vikombe vyenu, na wewe ambaye simu yako inalia, izime kwa heshima ya waliotangulia na watakaokuja, kwa kuwa nawasimulia habari za Ugbad binti Warsame, Simba-jike wa Galbet, Mvumilivu wa Joto la Saa Nane, aliyeingia vitani na silaha moja tu, kompyuta ya mtumba iliyong'oka kitufe cha herufi K. Bismillah naanza, na Mola anipe pumzi, maana kisa chenyewe ni kirefu kuliko tendo.

Ngome ya shujaa huyu ilikuwa chumba cha pembeni katika duka la ami yake, Dagane, Sultani wa Sukari, Mlinzi wa Magunia. Dagane alimpa chumba kile aandike programu ya soko la mifugo, ili muuzaji amsajili mnyama wake kwa simu na mnunuzi amwone kabla hajavaa viatu. Ugbad alikipenda chumba kile kupita kiasi. Ndipo mahali pekee chini ya mbingu ambapo hakuna mtu aliyemwambia ainuke akapike chai.

Lakini ole! Siku ya majaribio, mbele ya wafugaji waliotoka mbali hata Bura, programu ilimuuliza beberu wa Mzee Kerrow anatoa maziwa kiasi gani. Wazee walicheka mpaka kofia zikawadondoka. Kerrow mwenyewe alijibu kwa adabu kubwa kwamba beberu wake ana haya, hawezi kusema mambo kama hayo mbele za watu.

Dagane hakucheka. Alisimama katikati ya magunia, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye duka, akahutubu.

"Ugbad, adeer," alisema, maana kwa desturi yao ami humwita mtoto wa ndugu yake kwa jina lile lile analoitwa yeye, "mimi nimekupa chumba. Nimekupa stima. Nimekupa feni. Wewe umenipa aibu! Sasa sikia. Jumatano soko ikifika, kama hiyo brogramu yako inauliza tena mbuzi dume maziwa, wallahi baasto yangu, zile katoni za tambi, itaingia hapa ndani, na wewe utarudi nyumbani kusaidia mama yako kubika anjera."

"Nimesikia, adeer," akasema shujaa.

Chanzo cha aibu kilikuwa hiki. Ugbad alikuwa amewarundika wanyama wote katika orodha moja, mbuzi juu ya ng'ombe, ng'ombe juu ya ngamia, na orodha isiyojua imebeba nani humuuliza kila mtu swali lile lile. Kosa hilo angelifanya mtu wa Nairobi, angesamehewa na kupewa soda. Lakini binti wa wafugaji! Nani Garissa hajui kwamba hal, ngamia jike, huulizwa maziwa, na awr, ngamia wa mizigo, huulizwa mgongo?

Basi akaapa kwamba kila aina itakuwa na orodha yake, zizi ambalo mgeni haingii. Akajenga la mbuzi kwa mkono, mstari kwa mstari, akajenga la hal, akajenga la awr. Wafugaji waliposikia habari hizo walifurahi mno, wakaanza kuleta aina: ngamia anayefundishwa mzigo, ngamia aliyefiwa na ndama, ngamia mwenye mimba, kila mmoja na jina lake. Kwa maana watu hawa magari yote watayaita gari, lakini ngamia wawili hawawaiti jina moja hata ukiwalipa. Na kila jina lilidai zizi jipya.

Hapo alisimama Naimo, mwenzake wa kazi, aliyesomea Nairobi akarudi na Sheng mkobani.

"Manze Ugbad, si ukopi tu ile ya mbuzi, ubadilishe jina, uachane na hii stori? Adeer hawezi jua."

Ugbad aliinuka, kiti kikalia. "Naimo binti Khalif! Leo nikopi ya mbuzi, kesho ya kondoo, keshokutwa ya kuku, mpaka lini? Babu zetu walikata miiba ya zizi kabla ya kujua wanafuga nini? Si walifika kwanza, wakamtazama mnyama, ndiyo wakajenga? Basi hii programu nayo itamtazama, na itajenga yenyewe!"

"Haya," akasema Naimo. "Lakini kula sambusa kwanza."

Akala, kisha akashambulia. Silaha yake ilikuwa ile sanaa ya programu kujitazama yenyewe ikiwa katikati ya kazi. Aliandika kiolezo kimoja tu, Orodha ya Nanihii, na hapo penye nanihii akaacha pengo. Mnyama akifika, programu imuulize aina yake, ilijaze pengo kwa jina hilo, na ijenge orodha papo hapo. Lakini katika shambulio la kwanza aliiamuru ijenge kabla pengo halijajazwa, na mashine ikamjibu kwa maandishi mekundu kwamba haiwezi kujenga orodha ya sijui-nani. Ugbad alirudi nyuma. Nje wapagazi walikuwa wameshaanza kupanga katoni za baasto mlangoni, na niseme ukweli, alilia kidogo. Kisha akapenga kamasi, akaiuliza aina kwanza, akajaza pengo, ndipo akaamuru ijenge. Wekundu haukurudi.

Ikafika Jumatano. Dagane hakuleta ngamia, wala mbuzi. Alikuja akimvuta punda wa mkokoteni wa maji, akamsimamisha kizingitini.

"Adeer, huyu naye yuko?"

Punda! Katika mahesabu yake yote Ugbad hakumfikiria punda hata mara moja. Akaketi, akaieleza programu punda ni nani kwa mistari michache: jina, umri, mitungi anayobeba. Kile kiolezo cha zizi hakukigusa hata neno. Akaiwasha programu, akafumba macho.

Kwenye simu ya Dagane kikatokea kichwa ambacho hakuna mkono wa binadamu uliokiandalia mahali: Orodha ya Punda. Chini yake, baada ya jina na umri, swali moja: Anabeba mitungi mingapi ya maji?

Dagane alisoma. Akaisogeza simu mbali na macho, akasoma tena. Kisha akageuka kwa wapagazi, akanguruma, "Rudisheni baasto dukani!" na akatoka barabarani akiinua simu juu kama bendera. "Kerrow! Njoo uone! Bunda yangu iko ndani ya simu, iko beke yake, na hakuna mbuzi ameingia!"

Shuhudieni, enyi vizazi! Siku hiyo Galbet palisimama zizi lisilo na mwiba hata mmoja, lenye mkazi mmoja tu, naye mkazi huyo alikuwa ameshaanza kutafuna katoni. Watu wakajaa mlangoni kutazama, wakataka chai. Ugbad, kwa mazoea, akainuka.

"Kaa, adeer," akasema Dagane, akilichukua birika. "Wewe una kazi. Leo mimi nabika."