Turubai la Kahawa ya Fahari

Jumapili, 5 Novemba
Wiki ya tatu tangu nifungue duka la kahawa ya kukaanga. Mteja mmoja, na alikuja kuuliza njia. Kahawa ya Fahari ndiyo bora mtaa mzima wa Shubra, shida watu hawajui! Mama mkwe, Bi Inshirah, mwenye chumba hiki cha duka, ameondoka leo kwenda kwa dada yake, mji wa Zagazig. Ametamka mbele ya wote: akirudi Alhamisi akakuta biashara bado imedoda, chumba anampa mwanawe Ragab auzie makava ya simu. Ragab tayari alikuwa na futi mkononi, anapima kuta. Sitoki hapa, hata wanibebe.

Jumatatu, 6 Novemba
Nimekwenda kuhani msiba wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Viti mia, vyote vimejaa. Nikamuuliza jirani yangu wa kiti alimjuaje marehemu. Akasema hakumjua kabisa, alikuwa anapita tu, akaona watu wamekaa, naye akakaa. Nikaduwaa! Mtu akiona watu, anaingia. Basi. Wauza sabuni wanamwaga mamilioni kwenye televisheni, na siri yenyewe iko wazi chini ya kila turubai la msiba. Nilisahau kumpa pole mtoto wa marehemu. Nilimpa kadi ya duka.

Jumanne, 7 Novemba
Kwa Mzee Bayumi, mkodishaji wa maturubai. La harusi limechukuliwa. Limebaki jekundu lenye nakshi, la misiba, na viti vya rangi ya dhahabu. Nimelichukua, litasimama mbele ya duka, watu waonje kahawa bure. Mke wangu Nagwa akashika kiuno. “Shauki, turubai la msiba, viti kwa safu, kahawa bila sukari kama ya msibani! Watu watauliza nani kafa.” Akanisihi nitie japo kijiko kimoja kila kikombe. Sitii! Sukari ni ya kufichia kahawa mbovu. Akaniuliza kama angalau nitaweka bango. Bango ni la wasiojiamini. Kahawa yangu watu wataigundua wenyewe.

Jumatano, 8 Novemba
Ushindi! Nilianza na wazee wanne wa mkahawa wa jirani, nikawaketisha mbele kama chambo. Kufikia magharibi hakuna kiti. Wanaume waliingia kwa adabu, wakanywa, wakanishika mkono kwa mikono miwili, macho chini. Kinyozi alinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. “Jikaze, kaka. Sote tuko nawe.” Nilidhani anazungumzia ushindani wa biashara. Hakuna aliyenunua hata robo kilo, lakini jina linajengwa taratibu.

Kisha akaingia sheikh, akakaa, akaanza kusoma Kurani. Kumbe watu wa mtaa ndio waliomwita. Wamehesabu siku, wameona Bi Inshirah haonekani tangu Jumapili, wakakata shauri kwamba ndiye aliyekufa. Nilitakiwa kukanusha. Najua. Lakini viti vilikuwa vimejaa! Aliyeniuliza nikamjibu kwamba Mungu ndiye ajuaye, jambo ambalo ni kweli tupu.

Alhamisi, 9 Novemba
Leo watu wamezidi, wengine wamesimama. Alasiri teksi ikasimama, akashuka Bi Inshirah na kikapu cha jibini. Kinyozi akadondosha kikombe. Mzee mmoja akakimbia na kiti chake. Bi Inshirah akauliza nani kafa. Akanitazama.

Badala ya kunirukia akakaa kiti cha mbele kabisa, akadai kahawa, akataka ripoti kamili: nani alikuja, nani hakuja, nani alilia. Mama wa ghorofa ya tatu hakutokea, basi hatasalimiwa tena maisha yake yote. Ragab naye hakulia. Ragab akajitetea kwamba wamezungumza kwa simu kila siku, anajua yuko hai. “Ungelia hivyo hivyo!” Miaka kumi na moja nimemuoa binti yake, leo ndiyo mara ya kwanza nimependelewa. Akamaliza vikombe vitatu na kusema kahawa ni nzuri.

Ijumaa, 10 Novemba
Mzee Bayumi amekuja baada ya sala. Wateja wake wanaulizia kahawa ya ule msiba. Anataka Fahari katika kila msiba anaouhudumia, mitatu au minne kwa wiki, mwaka mzima. Bi Inshirah akapiga makofi. “Umeokoka, mwanangu! Sema ndiyo, chumba ni chako.” Nagwa akanishika mkono, machozi yanamtoka kwa furaha. Na mimi nilitamani, sikatai.

Lakini Fahari, inywewe na watu wanaolia? Jina langu lihusishwe na leso za machozi? Nilimuuliza Mzee Bayumi kama anaweza kunitafutia misiba iliyochangamka kidogo. Akatazama viatu vyake. Nikakataa, kwa heshima zote. Nagwa akauachia mkono wangu. Ragab akakohoa, akasema kukaanga kahawa si kazi ngumu sana, na yeye anaweza.

Jumamosi, 11 Novemba
Chumba ni cha Ragab. Amebandika bango: KAHAWA YA MISIBA, RAGAB NA MAMA. Foleni tangu asubuhi. Bango la kishamba kabisa. Mimi nina magunia sita katika chumba cha kulala, na nafasi tele, maana Nagwa amehamia kwa mama yake ghorofa ya juu. Inaniuma. Inaniuma sana. Lakini mimi si mtu wa kukaa kunung’unika.

Nimeshaona nilipokosea: nilichagua shughuli isiyofaa. Harusi! Harusini watu huingia bila kualikwa zaidi kuliko hata msibani. Ngoma, tarumbeta, vigelegele, palepale mbele ya duka la Ragab! Mzee Bayumi anasema turubai la harusi liko wazi Alhamisi. Kimebaki kitu kimoja tu, bibi harusi. Nimepanda ngazi, nikamuuliza Nagwa mlangoni kama yuko tayari kuolewa nami tena. Nikauliza mara mbili. Hakujibu neno. Bibi harusi akinyamaza, amekubali. Nimeshawapigia watu wa tarumbeta.