Jicho Langu na Samaki wa Komora

Jumanne, 8 Machi 1938
Posa yangu kwa Rahmo mjane imekataliwa. Kisa? Jicho langu la kushoto, hili jeupe tangu utotoni. Ahmednoor mwenye duka, ambaye naye anamtaka, amevumisha Garissa nzima kwamba nina jicho la samaki. Samaki! Sisi wafuga ngamia, tunaokimbia hata harufu yake! Yarow, kaka yake Rahmo, kaniambia kwa huruma: walaal, ndugu yangu, ngamia wako hawana kasoro, lakini wapwa zangu wataitwa wana wa nani? Nimemwomba anipe mpaka Alhamisi, nitamthibitishia. Astaghfirullah, sikuwa na uthibitisho wowote.

Jumatano, 9 Machi
Nimeupata! Hakuna mzee hata mmoja hapa aliyewahi kumtazama samaki usoni. Nikawaletee mmoja, waone wenyewe. Nimeshuka mtoni kwa Komora, mvuvi wa Kipokomo. Kanitolea samaki mbichi majini. Jicho jeusi, linang'aa kama la swala! Nusura nimbusu. Komora kauliza nitampika vipi. Nikasema simpiki, nampeleka ukweni. Kacheka mpaka mtumbwi ukamyumbia, kisha kaahidi kunivulia mwingine kesho alfajiri.

Alhamisi, 10 Machi
Samaki nimempokea baada ya swala ya Alfajiri. Wazee hukaa Alasiri. Kwa hiyo nikamwanika juani asiharibike, kama tunavyoanika nyama ya ngamia. Akili!
Nikamfunua mbele ya wazee saba. Bismillahi. Jicho jeupe! Jeupe pe! Langu lenyewe! Mzee mmoja akanitazama, akamtazama samaki, akanitazama tena. Yarow akaziba pua kwa kilemba. Ahmednoor akawatuliza wazee: msichanganyikiwe, bwana harusi ni yule mwenye ndevu. Nyuma ya pazia la mkeka nikamsikia Rahmo akicheka. Kicheko kitamu, mashallah.

Ijumaa, 11 Machi
Msikitini hakuna aliyetaka kusimama bega kwa bega nami. Nimejifukiza ubani mara tatu.
Lakini rehema za Mungu! Yarow kaja. Eti Rahmo hajacheka hivyo tangu afiwe, kaomba nisikilizwe tena Jumatatu. Nikishindwa hapo, anaolewa na Ahmednoor.
Nimekimbilia mtoni. Komora kanieleza kwamba samaki yeyote akifa na kupigwa jua, macho huwa meupe. Maneno ya mvuvi! Ataniambia nini mimi juu ya kuanika? Ni wazi yule alikuwa mgonjwa. Nimeagiza kumi, wanene. Inshallah nitawaanika siku mbili kamili, wafike wakavu na safi. Kumi wote hawawezi kuwa wagonjwa.